Pumzi ya Namba Tano

Alitoka jukwaani kwa mlango wa nyuma, akaufunga polepole kama mtu anayetoka chumba alicholaza mtoto, akakaa kwenye benchi la korido na kushusha pumzi. Basi, limekwisha. Liwe zuri au baya, limekwisha, na hapakuwa na mtu wa kumrudisha nyuma ya lile pazia akapulize upya. Midomo ilikuwa imemvimba, blauzi imemganda mgongoni kwa jasho. Moyoni, hata hivyo, palikuwa na utulivu ambao hakuwa ameuonja tangu siku tangazo la nafasi ya tarumbeta lilipobandikwa ubaoni.

Siku hiyo hakuwa na jina, wala wenzake hawakuwa na majina. Alikuwa namba tano. Asubuhi katibu wa bendi, mama wa makamo ambaye uso wake haukujua mzaha, aliwapitishia kopo la biskuti lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila mmoja akachota bahati yake. Kisha akawagawia ndara za plastiki, zote za saizi moja, ili viatu visije vikasema kile ambacho midomo imekatazwa kusema. Wapiga tarumbeta sita, watu wazima na heshima zao, wakawa wanaburuza ndara koridoni kama wagonjwa wa wodi moja. Ukumbini kulikuwa na pazia zito la kijani, kutoka darini hadi sakafuni. Upande wa huku unapuliza, upande wa kule watu watano wanasikiliza na kuandika. Hakuna salamu, hakuna kujitambulisha, na ukitaka kukohoa ukohoe kabla hujaingia.

Mtindo huo aliuleta mkurugenzi mpya. Wakongwe wa bendi ya redio walinuna wiki nzima, wakasema huyu bwana anataka kuajiri mzimu. Namba tano hakununa. Pazia lilipotajwa mkutanoni, alitazama chini asije mtu akaona anavyotabasamu.

Bendini walimwita Akiba. Jina lilitoka kwenye orodha ya zamu: tarumbeta ya kwanza fulani, ya pili fulani, ya tatu patupu, na pembeni kwa kalamu nyekundu limeandikwa "akiba". Alikuja kushikiza nafasi ya mtu aliyeugua, kwa wiki mbili tu. Yule mtu akapona, akastaafu, akahamia kwa wanawe, na Akiba bado anashikiza. Miaka kumi na moja. Kibarua cha mwezi kwa mwezi, bila likizo, bila bima. Alipojifungua kitindamimba wake alirudi kazini siku ya ishirini na nane, sketi imefungwa kwa pini, maana aliogopa akichelewa atakuta kiti kina mtu.

Ndani ya miaka hiyo nafasi ilitangazwa mara tatu, na mara zote tatu aliingia kwenye usaili uso kwa uso. Mara ya kwanza alichukuliwa mwanamume ambaye Akiba mwenyewe ndiye aliyekuja kumfundisha nyimbo za bendi. Mara ya pili walisema ana watoto wadogo. Mara ya tatu watoto walishakua, kwa hiyo wakasema sauti yake ni tamu ila haijazi ukumbi. Safari hii ilikuwa ya mwisho. Sharti lilisema mwombaji asiwe ametimiza miaka arobaini, naye alibakiza wiki saba. Akikosa leo, dada yake alishamwekea cherehani ya pili dukani, na tarumbeta ingepanda juu ya kabati ikae huko na vumbi lake.

Aliyemkalia kooni miaka yote hiyo alikuwa mkuu wa tarumbeta, mzee aliyeitwa Mapafu kwa sababu hakuweza kumaliza mazungumzo bila kuyataja. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipoudhi. Alimjulia hali ya watoto kila Jumatatu. Akiba alipofiwa na mumewe, Mapafu alikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. "Lakini tarumbeta ni mapafu," angesema, akijipigapiga kifuani, "na mapafu ya mwanamke Mungu aliyaumba kwa kazi nyingine." Kazi gani hasa, hakuwahi kuitaja.

Ushahidi wake ulikuwa mmoja, akautumia hadi ukachakaa. Wimbo wa kufungulia matangazo ya asubuhi una kifungu kirefu cha tarumbeta. Kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, na mpigaji wa kweli, kwa mujibu wa Mapafu, hukimaliza kwa pumzi moja. Akiba alikuwa anavuta pumzi katikati. Kila siku, pale pale. "Mnamsikia?" Mapafu angewanong'oneza wenzake. "Hafiki."

Sasa, nani alimwambia avute pumzi pale? Mapafu huyo huyo. Wapiga tarumbeta wakipiga pamoja hawavuti hewa kwa wakati mmoja, la sivyo wimbo unatoboka. Wa kwanza akienda na kifungu hadi mwisho, wa tatu huvuta katikati, ili mwisho ukifika na wa kwanza anatafuta hewa, wa tatu awe bado anashikilia sauti. Ni kupokezana tu, kama watu wawili wanaobeba ndoo moja. Wiki ile ya kwanza Mapafu aliichukua karatasi ya muziki ya Akiba akaichora alama ya kuvuta pumzi, kwa penseli yake mwenyewe. Mwaka wa tatu alishasahau kwamba ni yeye aliyechora. Mwaka wa sita Akiba naye alishasahau, na hilo la pili ndilo linalonipandisha hasira hata leo ninaposimulia.

Ndiyo maana alipoanza kujiandaa kwa usaili, chumbani kwake, godoro limeegemezwa dirishani ili majirani wasilalamike, alikiogopa kile kifungu kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani. Wiki ya kwanza alikijaribu kwa pumzi moja mara tano, akakwama mara nne. Wiki ya pili akakwama mara mbili. Siku moja akitafuta karatasi zake akaiona ile alama ya penseli, akaitazama sana, akakumbuka. Alikaa kitandani akahesabu miaka. Lakini kukumbuka ni jambo moja, na kuamini ni jambo jingine, na mpaka asubuhi ya leo hakuwa na hakika kama kifua chake kina pumzi au hakina. Nyuma ya pazia alivuta hewa, akaingia kwenye kifungu, akapanda, akashuka, akapanda, na alipofika mwisho alikuwa na hewa ya kubaki, hata hakujua aifanyie nini.

Mwisho wa pili wa benchi alikaa namba mbili, leso puani. Bendi nzima ilimjua kwa jina la Mkwe, kwa kuwa alimwoa binti wa Mapafu. Kwa wiki tatu watu walikuwa wakisema nafasi ni yake, usaili ni geresha tu, na kwa wiki tatu Akiba alimchukia kimoyomoyo bila kumkosea adabu hata siku moja.

"Pole na mafua," alimwambia.

"Mafua yameniua, dada," Mkwe alijibu. "Kile kifungu nimekikata vipande viwili. Nusura nikikate vitatu."

"Si ungewaambia unaumwa?"

"Nimwambie nani, na pazia lile? Tumekatazwa hata kukohoa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nikwambie ukweli? Nimefurahi. Mimi shule yangu inanitosha. Nafundisha watoto filimbi, saa tisa niko nyumbani na mke wangu. Fomu aliijaza baba mkwe. Akaniletea nitie saini tu, nipo mezani kwake, nimeshika kijiko chake. Wewe ungekataaje?"

"Nisingeweza," Akiba alisema, na chuki ya wiki tatu ikamtoka hapo hapo, kama jiwe linavyotoka kiatuni.

Katibu akachungulia. "Ingieni wote. Ndara mziache kwenye beseni."

Pazia lilikuwa limevutwa pembeni. Jopo la watu watano lilikaa nyuma ya meza ndefu: mkurugenzi katikati, Mapafu kulia kwake, na wengine watatu, mmoja wao mpiga kinanda mnene aliyekuwa akimenya pipi. Mapafu alikuwa ametulia tuli, mikono juu ya tumbo, anamtazama mkwewe kwa jicho la mtu ambaye kazi yake imekwenda vizuri.

Hapo likaja jambo la pili alilolileta mkurugenzi. Kila mwamuzi alikuwa ameandika alama na sababu kwenye kadi, akatia saini kwa wino, na kadi zote zingesomwa mbele ya wote kabla haijajulikana namba ipi ni nani. Wanaohukumiwa hawana majina, alikuwa amewaambia mkutanoni, lakini wanaohukumu wanayo.

Katibu alisoma kwa sauti ile ile anayosomea orodha ya vifaa vya ofisi. Namba moja alipata alama za wastani na ushauri kuhusu vidole. Kisha ikafika zamu ya namba mbili. Waamuzi wanne walisema mambo ya kawaida: sauti laini, mwanzo mzuri, kifungu kimekatika. Katibu akachukua kadi ya tano.

"Mkuu wa tarumbeta," alisoma. "Alama thelathini na nane. 'Huyu namfahamu, pazia liwepo lisiwepo. Amevuta pumzi katikati ya kifungu kama kawaida yake. Mapafu ya kike hayajifichi. Namshauri atafute kazi inayolingana na maumbile yake.'"

Watu hawakumgeukia Akiba waziwazi, ila macho ya pembeni yalimfikia kutoka kila upande. Masikio yakamwaka moto. Hata kama hiyo haikuwa namba yake, yale matusi yalikuwa yake, ameyazoea, anayajua hadi harufu. Ilimchukua muda kidogo kuelewa yamemwangukia nani. Akamtazama Mkwe. Mkwe alikuwa anaangalia dari, leso ameiuma kwa meno, mabega yanamtikisika.

Namba tatu. Namba nne. Akiba hakusikia lolote.

"Namba tano," alisoma katibu. Kadi nne zikapita, tisini, themanini na nane, tisini na tatu, tisini na tatu, na kila moja ilikuwa na neno zuri. Akiba alikishikilia kiti. "Mkuu wa tarumbeta. Alama tisini na sita. 'Haya ndiyo mapafu. Kifungu kizima kwa pumzi moja, na nyingine imebaki. Huyu ni mwanamume wa kazi. Tusimwache akaajiriwa kwingine.'"

Akiba aliinamisha kichwa. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa aanze na lipi. Namba sita alisomewa yake haraka haraka, maskini, hakuna aliyemsikiliza. Kisha katibu akafunga faili na kusema kila mmoja anyooshe kikaratasi chake atakapotajwa. Namba moja akanyoosha.

"Namba mbili."

Mkwe akainua mkono wenye kikaratasi. Mkono mwingine bado ulikuwa na leso.

Mapafu aliinuka nusu. "Vikaratasi vimechanganyika," alisema.

"Kopo nilishika mimi," alijibu katibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajachanganya kitu tangu azaliwe.

"Ni mimi, baba," Mkwe alisema kwa upole. "Nilikuwa na mafua."

Mpiga kinanda ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka pipi ikampalia, na ukumbi mzima ukamfuata, hata wale wanaume wengine wa usaili waliokuwa na kila sababu ya kununa. Mapafu alirudi kitini taratibu. Alikuwa anatazama ile kadi yenye saini yake kama barua iliyokosea nyumba. Katibu akapitia namba tatu na nne, akafika.

"Namba tano."

Akiba akanyoosha kikaratasi kilicholowa jasho, na kicheko kikazimika. Kimya kile hakukisahau. Kilikuwa cha watu wanaopanga upya vichwani mwao mambo ya miaka kumi na moja.

Mkurugenzi hakutoa hotuba. "Wastani wa namba tano ni tisini na mbili. Anayemfuata ana themanini na moja. Mama, Jumatatu saa tatu njoo utie saini mkataba. Ni wa kudumu."

Miaka yote alikuwa ameandaa maneno ya siku hii. Mengine yalikuwa makali sana, mazuri kweli. Yote yakamkimbia. "Sawa," alisema, akakaa. Dada yake angetafuta mtu mwingine wa ile cherehani. Mwisho wa mwezi ungekuja na kwenda bila kumuuliza kama atakuwepo mwezi ujao. Akiugua, ataugua kama watu wengine wanavyougua.

Ukumbi ulipopungua watu, alikuwa anafuta tarumbeta kwa kitambaa pale Mapafu alipomjia. Alitembea kama mtu aliyevaa ndara zisizo zake.

"Akiba."

"Naam, Mzee."

"Nimekaa na wewe miaka kumi na moja. Hapa na hapo."

"Ndiyo, Mzee."

"Hukuwahi kupiga vile hata siku moja."

"Sikuwahi kupewa karatasi ya kwanza. Nilikuwa napiga ya tatu, na ya tatu ina alama pale katikati. Nilivuta pumzi ulipoandika nivute."

"Niliandika mimi?"

Akiba alifungua mkoba, akatoa ile karatasi iliyogeuka njano pembeni, akampa. Mapafu akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole hadi kwenye kile kifungu. Kidole kikasimama. Alama ilikuwa na mkia mrefu uliopinda, na hakuna mwingine bendini aliyechora mkia wa namba ile. Mzee akavuta kiti.

"Basi nilikuwa najisikiliza mwenyewe," alisema. "Miaka yote hii. Natoa amri, halafu nakulaumu kwa kuitii."

Akiba aliendelea kufuta chombo ambacho kilishakauka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe, Mzee. Lakini si leo. Leo nina furaha, sitaki kuichanganya na kitu."

"Ni haki yako." Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni aligeuka, uso umemshuka. "Na mimi leo naingiaje nyumbani? Nimempa baba wa wajukuu wangu thelathini na nane, na ushauri wa maumbile."

"Anza na ushauri," Akiba alisema. "Alama zitafuata zenyewe."

Mzee alicheka, kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia. Akiba naye akacheka, na alishangaa kuona hakikumgharimu kitu.

Nje jua lilikuwa limepanda. Alikaa kwenye ngazi za jengo, mkoba mapajani, akampigia mama yake, aliyekuwa amebaki na watoto. Simu ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimepata, Mama."

Kule upande wa pili maji ya bomba yalikuwa yanamwagika. Yakafungwa. "Ya kudumu?"

"Ya kudumu."

"Mungu mkubwa." Pua ikavutwa. "Na kile kifungu chako kinachokutesa?"

"Nimekimaliza. Kwa pumzi moja, na nyingine imebaki. Wameandika hivyo kwenye kadi." Akaukumbatia mkoba. "Kumbe naweza, Mama. Kumbe muda wote nilikuwa naweza."

"Sisi tulijua. Tulikuwa tunakusikia na lile godoro lako dirishani. Nani alikwambia huwezi?"

Jina la Mapafu lilikuwa tayari ulimini. Akalifungulia mdomo, halikutoka.

"Alianza yeye," alisema. "Baadaye alikuwa hana haja ya kusema. Nilikuwa najiambia mwenyewe, kila asubuhi, hata akiwa hayupo."

Na hapo, kwenye ngazi, watu wakimpita wanapanda na kushuka, machozi yakamtoka yote aliyokuwa ameyaweka. Mama yake hakumwambia anyamaze. Alikaa kwenye simu, akamsikiliza mpaka akamaliza.